Mkija, Mje Pamoja

Pikipiki ilikuwa imeshawashwa na inanguruma mbele ya geti la Rukiah wakati Bibiane alipotokea kwenye kona ya Makindye. Alikuja kwa mwendo wa mtu anayekwenda kutoa ushahidi mahakamani: kitenge kipya juu na chini, kilemba kimekazwa, na kichwani mfuko mkubwa wa plastiki uliotoa harufu ya samaki wakavu. Hawakusalimiana. Hawakuwa wamepeana salamu tangu wajuane, na asubuhi hii hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.

"Mfuko huo haupandi," Rukiah alisema.

"Ni chakula ya mutoto."

"Gulu wanakula. Hawangoji ndagala zako."

Bibiane aliuweka mfuko juu ya keria, akaufunga kwa mpira wa Rukiah mwenyewe, kisha akasimama pembeni kama abiria anayecheleweshwa. Rukiah akampa helmeti. Ndani ya nyumba alikuwa na nyingine nzuri. Hii ilikuwa na ufa kwenye kioo, na sponji yake ilinuka jasho la watu wengi. Bibiane aliinusa, akamtazama Rukiah, akaivaa juu ya kilemba. Alipopanda alikataa kumshika dereva wake kiunoni. Alipeleka mikono nyuma akang'ang'ania vyuma vya keria, na hivyo ndivyo walivyoteremka kilima cha Makindye, mmoja ameinama mbele na mwingine ameegemea nyuma, kama watu wawili waliofungwa pamoja kwa makosa.

Mtu waliyekuwa wakimfuata alikuwa mtoto wao. Wote wawili walimwita mtoto wangu, na wote wawili hawakuwa waongo.

Bibiane ndiye aliyemzaa, akamwita Arsène. Alikuwa Mshi wa Bukavu, Kongo, aliyeolewa Rutshuru, na vita vilipofika huko mji mzima ulikimbilia mpaka wa Bunagana. Katika msukumano ule mkono wake uliachana na mkono wa mwanawe, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka minne. Jirani mmoja alimwokota mtoto, akapanda naye lori hadi Kampala, akapanga chumba Makindye, akaugua, na kabla mvua za mwaka ule hazijakatika akafa. Chumba chake kilipakana na ua wa Rukiah na mumewe Kamis, Wanubi wa ukoo wa Bombo ambao Mungu hakuwa amewajalia mtoto. Siku ya maziko Rukiah alimchukua yule mtoto, akamwogesha, akamvika shati la Kamis lililomfika miguuni. Akamwita Abdul-Karim.

Ingekuwa hivyo tu, pengine Bibiane angempigia magoti kumshukuru. Lakini miaka kadhaa baadaye alitoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale, akauliza nyumba kwa nyumba, mlima kwa mlima, mpaka akafika kwenye geti lenyewe. Rukiah alitoka akamwambia hapakuwa na mtoto kama huyo. Mtoto alikuwa nyuma ya nyumba anacheza mpira. Wiki hiyohiyo akapelekwa Bombo kwa Munirah, dada yake Rukiah, na Bibiane hakumwona tena mpaka alipokuwa kijana wa kubalehe, mwanagenzi wa gereji moja ya Kabalagala, ng'ambo ya barabara na kibanda alichouzia vitenge. Alimjua kwa sura ya marehemu baba yake, hata namna ya kusimama akiwa ameudhika.

Tangu hapo hapakuwa na amani. Ijumaa huyu anamvuta msikitini, Jumapili yule anamvuta kanisani. Huyu akimnunulia viatu, yule anamnunulia vingine. Waligombana kwa Kiswahili kwa sababu hawakuwa na lugha nyingine ya kugombania: Rukiah alikuwa na Kinubi na Kiganda, Bibiane alikuwa na Kishi na Kifaransa, na Kiswahili cha kila mmoja kilimchekesha mwenzake. Siku moja walishikana vilemba mbele ya gereji, wateja wamesimama wakitazama, na mwenye gereji akamwachisha kijana kazi. Kijana alifunga begi lake akaenda Gulu, kaskazini, asikomjua mtu. Huko akatengeneza pikipiki za watu, na jioni akaanza kufanya mazoezi ya mbio zile za mashambani, za kuruka vilima vya udongo na kuzama kwenye matope. Mwaka mzima hakupokea simu ya mama yeyote.

Halafu wiki ile ujumbe mmoja ukaingia kwenye simu zote mbili. Alikuwa anashindana Jumamosi. Aliandika: *Mkija, mje pamoja. Atakayekuja peke yake asije.*

Bibiane alituma mtu kusema kwamba kuna basi. Rukiah alimjibu kwamba yeye anakwenda kwa pikipiki yake. Anayetaka, apande nyuma. Mabasi hayakumtisha. Pikipiki ile ilikuwa ya Kamis, aliyekuwa fundi wa pikipiki za polisi na aliyemfundisha mkewe kuendesha wakati majirani wakicheka. Kamis alipokufa, Rukiah aliitumia kusambazia sambusa kwenye kantini za kambi ya jeshi. Juu ya tangi lile alimkalisha Abdul-Karim akiwa mdogo, mikono midogo imeshika usukani katikati ya mikono yake. Alitaka afike nayo mashindanoni, mbele ya watu, kijana aione na akumbuke ni nani aliyempa pikipiki. Na alitaka Bibiane afike akiwa abiria.

Walipita Bwaise na Kawempe katika moshi wa malori. Walipofika Bombo Rukiah alikata kona kuingia kwa dada yake, ingawa hawakuwa na haja ya kusimama. Munirah alitoka akamkumbatia, wakaingia ndani wakiongea Kinubi, na Bibiane akaachwa uani na pikipiki. Kupitia dirishani Rukiah alimwona amesimama juani hajavua helmeti. Alijisikia raha, kisha raha ile ikaisha, lakini hakuinuka kwenda kumkaribisha. Munirah, ambaye hakupenda mambo hayo, alimpelekea mgeni chai na gurusa, ile mikate laini ya Kinubi. Bibiane aliomba choo tu. Alirudi kupitia barazani, na huko akasimama kwa muda mbele ya picha iliyotundikwa ukutani: mtoto wa kiume ndani ya kanzu nyeupe na kofia ya kufuma, anacheka bila meno mawili ya mbele, na nyuma yake sufuria kubwa za sherehe. Alipotoka alichukua kikombe cha chai, akaimwaga taratibu kando ya ngazi, akakirudisha kikombe kwenye sinia.

"Dada yako amekosa nini?" Rukiah alimwuliza walipokuwa wakipanda. Alimaanisha Munirah.

"Miye sina dada hapa."

Wakaondoka. Luweero ikapita, Nakasongola ikapita na nyasi zake kavu na mifugo iliyosimama barabarani kama wenye barabara. Jua lilipanda. Bibiane bado alishika vyuma vya nyuma, na kila pikipiki iliporuka kwenye shimo Rukiah alisikia pumzi ikimtoka. Hakupunguza mwendo. Kwenye kizuizi kimoja cha barabarani askari alimtaka abiria kitambulisho, akaigeuzageuza kadi ya ukimbizi, akauliza anakwenda wapi na kwa nini, kisha akamgeukia Rukiah kumwuliza kama anamfahamu mama huyu. Rukiah alisema ni abiria wake. Ni kweli alikuwa abiria wake. Askari akamweka Bibiane kando, akamhoji mpaka akachoka mwenyewe. Neno moja tu la Rukiah lingeokoa muda wote ule, na wote watatu walijua hivyo.

Yaliyokuwa moyoni mwa Bibiane yalitoka walipoteremka kuelekea Karuma, pale barabara inapoingia msituni kabla ya daraja la Nile. Alisogeza uso karibu na sikio la Rukiah na kupaza sauti juu ya upepo.

"Ile picha. Ni siku mulimutahiri?"

Rukiah aliongeza mwendo.

"Weye siku ile ulipika pilau. Batu bakakula, bakakupongeza. Miye siku ile nilikuwa Nakivale, nauliza kila mutu anayeshuka kwenye lori kama ameona mutoto."

"Nilimlea," Rukiah alisema akitazama mbele, kwa upepo.

"Sema tena?"

"Nilimlea!" Safari hii aligeuza kichwa, ili neno limfike. Lilikuwa kosa la dereva mgeni, kosa ambalo lingemfanya Kamis amshushe kwenye pikipiki siku hiyohiyo. Alipogeukia mbele, nyani alikuwa katikati ya barabara, mkubwa, ameketi anamenya kitu alichotupiwa na abiria wa basi. Rukiah alikwepa. Gurudumu la mbele likaingia kwenye kokoto za pembeni, usukani ukamponyoka, na wote wawili wakaenda mtaroni.

Alipofumbua macho aliona majani, kisha mkono wake wa kushoto, na mkono ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Maumivu yalikuja baadaye kidogo. Bibiane alikuwa ameketi hatua chache kutoka pale, goti linavuja damu, ameivua helmeti na kuishika mapajani. Nyuma yake kundi la nyani lilikuwa limeuzingira mfuko wa plastiki. Waliupasua wakagawana ndagala na mikate ya muhogo kwa utaratibu kuliko watu wengi. Bibiane aliwatazama bila kuwafukuza. Alianza kucheka, kisha hakuwa anacheka tena. Rukiah akageuza uso.

Lori lililokuwa likielekea Gulu lilisimama. Dereva wake, mtu mzima mwenye haraka, alisema mbele amebakiwa na nafasi ya mtu mmoja. Nyuma amejaza saruji mpaka juu. Alimtazama mwenye mkono uliovunjika, akamtazama mwenye goti, akangoja waamue.

"Panda," Rukiah alimwambia Bibiane. "Nenda umwambie nimekufa njiani. Utafurahi."

Bibiane aliinuka, akakunguta kitenge. Rukiah alidhani anakwenda kupanda. Badala yake alimwambia dereva amchukue mama huyu ampeleke hospitali, na Rukiah akakataa katakata. Hangeiacha pikipiki ya Kamis msituni, na hangepelekwa mbele ya mtoto wake kama gunia. Dereva akaapa kwamba hajapata kuona wanawake kama hawa. Akaondoka.

"Mbona hukwenda?" Rukiah aliuliza, lori lilipopotea.

"Alisema pamoja. Nikifika peke yangu atanifukuza." Bibiane alichana ukingo wa kitenge chake kipya kwa meno. "Usizani nakusaidia weye. Lete mukono."

Alimfunga mkono kifuani kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na Rukiah alikataa kupiga kelele.

Pikipiki iliwaka. Ilikuwa imekwaruzwa tu na kioo kimoja kimevunjika. Taabu ilikuwa klachi, inayobanwa kwa mkono wa kushoto, na mkono huo Rukiah hakuwa nao tena. Bibiane hakujua kuendesha hata baiskeli. Walisimama kando ya barabara wakiitazama pikipiki, kila mmoja akiwa amefika kwenye jibu lilelile na hakuna aliyetaka kulisema. Mwishowe Rukiah ndiye aliyesema. Yeye atashika upande wa kulia, moto wa kuongezea mwendo na breki, na gia atabadilisha kwa mguu. Bibiane atapitisha mkono wake wa kushoto chini ya kwapa lake na kushika klachi.

"Nikisema bana, bana. Nikisema achia, achia polepole."

Mara ya kwanza pikipiki iliruka kama mbuzi ikazima.

"Ulisema achia."

"Nilisema polepole. Kwenu polepole mnaiitaje?"

"Kwetu tunaiita polepole. Kwenu munaisema kama mutu anayefukuza kuku."

Mara ya tatu iliondoka. Sasa Bibiane hakuwa na namna ya kuegemea nyuma. Kifua chake kilikuwa mgongoni mwa Rukiah, kidevu begani, mkono umezunguka mbavu zake, na mkono wa pili ilibidi umshike kiunoni la sivyo angeanguka. Rukiah alinusa kwake moshi wa samaki na sabuni. Alichukia joto la mwili ule. Alichukia zaidi kwamba mkono wa Bibiane ulikuwa mzuri: baada ya muda ulijua wenyewe lini gia inataka kubadilika, ukabana kabla hajasema. Walivuka daraja, maji meupe yakichemka chini kati ya mawe, na wakaenda kwa mwendo wa baiskeli mpaka Gulu. Njia nzima waligombania usukani. Huyu akivuta kulia, yule anavuta kushoto, na magari yakiwapigia honi.

Uwanja ulikuwa nje ya mji, shamba kubwa lililochimbwa vilima na mitaro, limezungushiwa kamba na watu. Vumbi jekundu lilikuwa limefunika kila kitu. Kipaza sauti kilikuwa kikitangaza kwa Kiacholi na Kiingereza, na duru ya kwanza ilikuwa imekwisha. Walisukuma pikipiki mpaka kwenye kamba, mmoja mkono kifuani, mwingine damu imekauka mguuni, na watu wakawapisha bila kuombwa. Mtangazaji akaanza kuwasoma waliofanya vizuri. Rukiah alitega sikio asikie Abdul-Karim. Alijua Bibiane ametega lake asikie Arsène. Halikutajwa la huyu wala la yule. Nafasi ya nne, mtangazaji alisema, ni Makindye. Watu wakapiga mbinja. "Makindye! Makindye!" Na kijana wao akapita mbele yao juu ya pikipiki iliyojaa matope, ameinua mkono, jina hilo limechapwa mgongoni kwa herufi nyeupe.

Kwa mara ya kwanza siku hiyo wanawake wale walitazamana.

Msichana mmoja aliwafikia kabla yake. Alivaa ovaroli ya gereji iliyofunguliwa vifungo vya tumboni, kwa sababu tumbo lilikuwa la miezi mingi. Alisema anaitwa Ayaa, akawaita mama wote wawili kwa Kiswahili cha kutafuta maneno, akamketisha Rukiah kwenye tairi, akaukata upande wa boksi na kuufunga mkono wake upya kwa utepe wa mpira wa tairi. Alifanya hivyo bila papara. Rukiah alilitazama lile tumbo, akahesabu kimoyomoyo, na roho ikampasuka.

Kijana alikuja amevua helmeti, uso mwekundu kwa vumbi isipokuwa mahali pa miwani. Alikuwa ameota ndevu. Hakumkumbatia mtu. Aliutazama ule mkono na lile goti, akataka kusema jambo, akaliacha.

"Mmekuja pamoja," alisema. "Vizuri. Basi nitasema mara moja tu."

Aliwaambia kwamba Ayaa ni mkewe. Wazee wa kwao walikaa, mambo yakafuatwa kwa mila ya Waacholi, na mtoto atazaliwa hapa. Yeye harudi Kampala. Hakukuwa na padri wala shehe, na hatakuwapo.

Bibiane aliketi chini. Rukiah ndiye aliyepata sauti. Aliuliza ni nani aliyesimama kwa upande wa bwana harusi. Wazee hawaozi binti yao wasipowaona wakubwa wa mume. Ni nani aliyesimama kama mama yake?

"Hakuna. Niliwaambia mama yangu alikufa."

"Yupi?" Rukiah aliuliza, na alipokwisha kuuliza akatamani kuumeza ulimi.

Kijana alimtazama. "Unaona?" alisema. "Hata hapo unataka kujua ni yupi."

Kisha kijana akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetaka kila kitu kijulikane ili kiishe, kwamba ule ujumbe haukuwa wazo lake. Ayaa aliziona simu zao alizokuwa akizikata, akambana mpaka akasema kweli, ndipo Ayaa akasema hatazaa mtoto ambaye bibi zake wamezikwa wakiwa hai. Ingekuwa shauri lake yeye, asingewaita. Alikuwa amechoka kukatwa vipande viwili kila wiki, na hapa Gulu alikuwa mtu mmoja.

Basi wakaanza. Bibiane alisema hayo ndiyo matunda ya mtu kulelewa kwa uongo. Rukiah akasema alikuwa mtoto mtulivu mpaka mwanamke fulani alipotokea na kilio chake Kabalagala. Mmoja akataja geti, mwingine akataja kilemba. Walikuwa wamefika mbali walipogundua wanazungumza peke yao. Kijana alikuwa amevaa helmeti na kuondoka, na Ayaa alikuwa amewapa mgongo, anapanga spana.

Duru ya pili waliitazama wamesimama kwenye kamba, watu wawili katikati yao. Rukiah aliona kwamba Abdul-Karim anaendesha vibaya, kwa hasira, anafungua moto mapema kwenye kila kona. Alijua kwa sababu ndivyo alivyoendesha yeye asubuhi. Kwenye kilima kikubwa pikipiki ilipaa ikiwa imeinama upande. Ilitua kwa gurudumu la mbele, kijana akarushwa juu ya usukani, akaanguka chali kwenye njia, na wenzake wakapita kushoto na kulia kwake wakimmwagia udongo.

"Karim!"

"Arsène!"

Sauti zilitoka pamoja, kila moja ikaifuta nyingine. Wote wawili walikimbilia kamba, na mtu wa bendera akawazuia kwa mikono yote miwili. Ayaa hakuita jina lolote. Aliinama chini ya kamba na tumbo lake lile, akavuka njia pikipiki zikiwa bado zinakuja, akapiga magoti na kukishika kichwa cha mumewe kisitikisike. Akamsemesha. Rukiah aliona mkono wa kijana ukiinuka kutoka kwenye matope, ukatafuta, ukamshika Ayaa begani.

Alisimama. Aliinua pikipiki yake, akaipiga teke ikawaka, akamaliza wa mwisho kabisa. Watu walimshangilia kuliko mshindi. Rukiah hakushangilia. Aliketi kwenye tairi na maumivu ya mkono, aliyokuwa ameyasukuma mbali tangu Karuma, yakamrudia yote.

Hospitali ya mjini walimfunga mkono plasta. Kijana aliupokea ufunguo wa pikipiki ya Kamis kutoka kwake, akasema ataitengenezea kioo, na hakusema zaidi. Walilala kwa mama yake Ayaa, ambaye aliwapa vitanda viwili vyumba viwili bila kuuliza. Asubuhi Ayaa aliwasindikiza kwenye basi. Mumewe alikuja pia, akasimama mbali kidogo, mikono mifukoni. Alipoulizwa kama atapokea simu sasa, alisema atapokea. Hakusema simu ya nani.

Ndani ya basi waliketi viti vya mstari mmoja, njia katikati. Karuma ilipita. Bibiane aliangalia dirisha lake na Rukiah lake. Mbele ya Luweero, bila kujua kwa nini ni pale na si kwingine, Rukiah alianza kusema. Alisema akitazama kiti cha mbele, kwa sauti kavu.

"Alikuwa anakuita. Nilipomchukua, alikuwa hataki kulala ndani. Analala mlangoni, kichwa kwenye kizingiti, nikimbeba anarudi. Mama Bibi, Mama Bibi. Sikujua Bibi ni jina la mtu. Mwezi mzima aliita. Halafu siku moja akaamka akaniita mimi. Siku hiyo nilichinja kuku."

Bibiane hakugeuka. Rukiah aliona mishipa ya shingo yake imesimama, akangoja matusi, hata kofi. Alikuwa tayari kwa vyote.

"Miye siwezi kukusamehe," Bibiane alisema mwishowe, dirishani. "Nimejaribu jana, ile njia yote, nimeshindwa."

"Sikukuomba."

"Najua." Alijifuta uso kwa kiganja, kwa hasira, kama mtu anayefuta meza. "Sema ingine."

"Ingine ipi?"

"Yote. Meno yake yalitoka lini. Alikuwa anaogopa nini. Sema."

Rukiah akasema. Alisema juu ya surua, na juu ya ndege za kijeshi ambazo zikipita mtoto alijificha ndani ya pipa la maji. Alisema juu ya mwalimu aliyempiga, na Kamis aliyekwenda kumtafuta mwalimu huyo na spana mkononi. Bibiane alimkatiza kila mara, akabisha, akamlaumu. Kwa nini hakumpeleka kwa daktari mapema, kwa nini alimnyoa, nani alisema mtoto yule anapenda maziwa, maziwa yalimdhuru tangu kunyonya. Mara mbili walipandishiana sauti mpaka kondakta akaja. Lakini Rukiah alipotaka kunyamaza, mwenzake aligonga mkono wa kiti chake, naye Rukiah akaendelea. Bombo ilipita asishuke kwa Munirah.

Walipofika Kampala jua lilikuwa linazama na kituo kimejaa watu. Bibiane aliteremka kwanza, akasimama chini akifunga upya kilemba.

"Haujamaliza," alisema.

"Najua."

Hawakuagana. Kabalagala na Makindye ni upande mmoja wa jiji, na njia yao ilikuwa moja karibu mpaka mwisho, lakini kila mmoja aliita boda yake.